Sauti ya Gurudumu la Kushoto

Jumanne, 7 Mei

Gari la dada sasa ni langu. Shemeji amenipa ufunguo leo mchana gerejini kwake. "Lichukue. Kuliendesha siwezi, kuliuza siwezi." Hoja mbili, zote fupi. Nimelichukua.

Kabla ya kunikabidhi alibadilisha breki za mbele. Hawezi, alisema, kumpa mtu gari la marehemu lenye breki zilizolika. Nikamsubiri. Nilisimama kando ya tairi kuukuu ambalo dada alikuwa akilikalia siku zote — mto wake bado upo juu, umebonyea katikati. Sikuukalia.

Mambo yalivyokwenda: jeki, gurudumu la kulia kwanza. Brekipedi mpya alizipanga juu ya gunia safi, mgongo wa chuma chini, uso wa kusugua juu. Akalala ubavu, kichwa chini ya bodi. Mkono mmoja ukaja nyuma, kiganja wazi. Nikauliza, nini? Kiganja hakikusogea. Kisha: hiyo ya kwanza, shemeji. Nikaiokota kama ilivyolala, nikaiweka kiganjani. Akaifunga bila kuitazama.

Tulipofika upande wa kushoto mhariri wangu wa gazetini alinipigia simu. Nikasogea barabarani. Kutoka pale nilimwona shemeji: mkono umekuja nyuma, kiganja wazi, ukabaki hewani. Kisha ukageuka, ukapapasa gunia, ukajichukulia wenyewe.

Nimeondoka na gari. Nilidhani litanukia yeye. Linanuka dawa ya kuoshea vioo.

Jumatano, 8 Mei

Sauti. Mara ya kwanza kwenye mteremko wa soko, asubuhi, nikielekea mahakamani. Nakanyaga breki — kriii! Naachia — kimya. Nakanyaga — kriii. Kwenye mwendo mkubwa haipo. Kwenye mwendo wa kusimama ipo, na chini yake kuna kitu kingine, kizito, kama mtu anayeburuta kiti chumba cha pili.

Nimempigia shemeji. Mpya hulia, alisema. Zipe siku mbili tatu zizoeane na diski. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Sauti ya kila mtu ni ya kawaida siku hizi, hata yangu.

Ofisini watu wameacha kunipa pole. Nafuu. Mhariri ameniuliza tena kama nitachukua likizo. Nimesema hapana. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nikikaa nyumbani nitafanya nini, nihesabu vijiko? Hakucheka. Nimepeleka stori ya mahakama kabla ya wakati.

Alhamisi, 9 Mei

Dereva wa ofisi tunamwita Mzee Honi kwa sababu hapigi honi kamwe. Anasema honi ni matusi. Amelisikiliza gari uani, mimi nikilisogeza mbele na nyuma. Alishika kiuno kama daktari.

"Kokoto!" akasema. "Kokoto limenasa kati ya diski na lile bati la nyuma. Kazi ya dakika mbili hiyo." Akachukua spana, akagonga bati, akapapasa, akapuliza kwa mdomo. Hakuna kokoto. Akachukia kidogo, kana kwamba kokoto lilimtoroka kwa makusudi.

Kisha akasema gari linalia kwa niaba yangu. "Wewe hulii, dada. Sasa chuma kimeamua."

Nilimwambia chuma hakiamui. Kuna kitu kinasugua kitu.

"Basi," akasema. "Nimenyamaza." Lakini alinipa jambo moja la maana: pita kando ya ukuta mrefu, dirisha wazi, kanyaga breki taratibu. Ukuta utakurudishia sauti. Kisha geuza gari upite upande wa pili. Nimefanya hivyo jioni kando ya ghala la saruji. Ukuta ukiwa kushoto, sauti imerudi kubwa. Ukuta ukiwa kulia, hafifu. Kushoto, mbele.

Nimeridhika kupita kiasi na jibu hilo. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 11 Mei

Chakula cha mchana kwa shemeji. Nimemwambia: ni kushoto mbele. "Nitaliangalia Jumatatu," akasema, na akaendelea kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yake.

Nyumba ni safi. Safi ya kutoguswa. Viatu vya dada bado viko nyuma ya mlango, vimegeukia nje.

Mpwa — hapana, wajomba ndio wana mpwa. Kwangu ni mwanangu, ananiita mama mdogo — ana miaka minane na nyumba nzima inamwita Kasuku. Huiga kila kitu. Leo ametuigia mwalimu mkuu akikohoa kabla ya kuadhibu, birika likichemka, jirani akibishana na simu. Anapatia mpaka inatisha. Shemeji alitabasamu kwenye lile la birika.

Mama yake hajamwiga. Nimesikiliza.

Jumatatu, 13 Mei

Ajali ya lori mteremko wa kaskazini. Hakuna aliyekufa. Kamanda akasema breki zilikataa. Nimeandika "breki zilikataa" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Hakuna msomaji aliyewahi kuuliza zilikataa nini.

Shemeji hakupokea simu. Nilipita gerejini saa sita: imefungwa. Fundi cherehani wa jirani, pini mdomoni, alinieleza. Siku hizi anafungua, anakaa, anafunga. "Kazi aliyofanya mpaka ikaisha, ukiacha gari lako, ni lile basi la shule, wiki ya juzi. Breki. Alikuwa peke yake kutwa nzima. Nilimwambia nikupe kijana akushikie vitu? Akasema hapana, ana mtu." Akatoa pini mdomoni. "Nikatazama. Hakukuwa na mtu."

Sauti ni ileile. Nimezoea kuongeza umbali kabla ya kusimama.

Jumanne, 14 Mei

Si ileile tena. Mchana ilikuwa kriii, jioni ikawa krrr — sufuria juu ya saruji — na pedali ikatetemeka chini ya kiatu. Niliegesha palepale. Si ujasiri, ni hesabu. Gereji iliyokuwa karibu ni ya Kipara, mkabala na kituo cha mafuta. Kipara ana nywele za kutosha watu wawili. Jina ni la utotoni. Yeye na shemeji hawasalimiani tangu enzi. Kila mmoja anasema mwenzake alimwibia wateja.

Sikumwambia breki zilifungwa na nani. Chanzo hakitajwi kabla ya lazima.

Akavua gurudumu la kushoto, akachungulia, na kwanza akafurahi. Aliwaita wasaidizi wake. "Njooni mtazame kazi! Grisi kwenye pini imepakwa kama poda ya bibi harusi, haikuzidi, haikupungua. Nati zimekazwa kwa zamu. Aliyefunga hapa ni fundi, si nyinyi wa kukaza kwa meno."

Kisha akainama tena. Akachomoa brekipedi ya ndani. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Mama, hii imewekwa kinyume."

Nikamwomba anieleze kama mjinga. Akaeleza. Gurudumu moja lina pedi mbili zinazoibana diski, moja nje, moja ndani. Kila pedi ina uso mweusi wa kusugua na mgongo wa chuma. Hii ya ndani, mgongo ndio ulioelekea diski. Chuma kwa chuma. Uso mweusi ulikuwa mpya kabisa, haujagusa kitu. Mgongo uling'aa kama kijiko. Diski ilikuwa na mifereji ninayoweza kuingizia ukucha.

Wasaidizi wakacheka. Mmoja akauliza huyo fundi alisomea wapi, kwenye simu? Kipara akageuka: "Nendeni mkaoshe vikombe!" Wakaenda.

"Ya nje unaiona kwa macho," akaniambia. "Ya ndani unaiweka kwa kupapasa. Lakini kosa hili ni la mtu wa siku ya kwanza kazini. Na kazi iliyobaki si ya mtu wa siku ya kwanza. Haviendi pamoja." Akafungua kulia. Kulia ni sawa, zote mbili.

Akajifuta mikono muda mrefu, kidole kimoja kimoja.

"Mkono huu naujua," akasema.

Nikatazama diski. Hakuhitaji jina.

"Alikuwa anafunga na mkewe. Kutwa nzima unasikia, 'Shika, bwana. Shika, bwana.' Mimi nilikuwa nikimsimanga. Namwambia, wewe bila yule mama huwezi kufunga hata kamba ya kiatu." Hakucheka. "Mpe pole yangu. Hapana. Usimpe. Atadhani namsimanga bado."

Ameniwekea diski nyingine na pedi mpya. Nimeondoka na ile ya zamani ndani ya mfuko. Gari liko kimya sasa. Nimelisikiliza njia nzima nikisubiri.

Jumatano, 15 Mei

Nimeiweka pedi mezani ofisini, juu ya gazeti la jana. Mgongo wa chuma chini, uso juu — kama alivyozipanga gerejini. Nikafumba macho, nikanyoosha mkono, nikaichukua. Kiganja kinatua juu ya uso mweusi. Chuma kinabaki nje. Ukiisukuma hivyo gizani, chuma ndicho kinachofika kwenye diski.

Nikamwita Mzee Honi. Nikamwambia aiokote kama ilivyolala, aniwekee kiganjani. Akaniwekea. Chuma kiganjani, uso nje. Sawasawa.

Nimerudia mpaka Mzee Honi akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo dada hakuwa akigeuza kitu. Huenda hata hakujua kwamba kuna kugeuza. Aliokota, akaweka, akasema shika bwana. Upande wa kulia niliokota mimi, nikaweka. Ndiyo maana kulia kuko sawa. Haikuhitaji ujuzi. Ilihitaji mtu.

Basi la shule alilifunga peke yake kutwa nzima.

Kasuku hupanda basi hilo kila siku.

Nimempigia shemeji. Inaita. Nimepiga tena. Inaita.

Alhamisi, 16 Mei

Nimekwenda kwao jioni bila kualikwa, pedi mkobani. Tulikula kwanza. Nilitaka kungoja Kasuku alale ndipo niseme.

Kasuku hakuweza kutulia. Jumamosi shule inakwenda kuona bwawa la umeme, kule chini bondeni! Darasa lake na lile la juu. Atakaa dirishani, ameshawekeana ahadi na rafiki yake. Nikamwuliza basi linaendaje siku hizi. Nilimwuliza kama ninavyowauliza watu mahakamani, bila kumtazama sana.

Akasimama juu ya kiti.

"Mama mdogo, tukifika mteremko wa soko wote tunanyamaza! Tunangoja. Halafu basi linafanya—"

Na akafanya. Kriii, na chini yake, krrr. Vyote viwili kwa wakati mmoja. Sijui koo la mtoto linawezaje. "Halafu sisi wote tunafanya pamoja nalo! Dereva anatufokea, anaongeza redio."

Ni sauti ileile. Nimekaa nayo wiki nzima. Ningeitambua nikiwa usingizini.

Kijiko cha shemeji kilikuwa kimesimama kati ya sahani na mdomo.

"Upande gani?" akauliza.

"Wa mlangoni, baba. Na huu mwingine kidogo."

Akarudisha kijiko kwenye sahani, kimejaa.

Nje kwenye kizingiti nilimkabidhi ile pedi. Akaipapasa kwa kidole gumba, kwanza uso, kisha mgongo unaong'aa. Nikamweleza: gari la dada, Kipara, kushoto kinyume, kulia sawa, gunia, meza yangu. Kwa mpangilio, bila kivumishi. Alisikiliza akiitazama barabara. Kwenye jina la Kipara alifumba macho.

Nikauliza. Tangu msiba, umefunga breki za magari gani?

"Lako na basi. Mengine yalikuwa oili tu."

Kwenye basi, nani alikuwa anakupa pedi?

"Nani angenipa?"

Tukakaa. Ndani, Kasuku alikuwa akiiga basi akiosha vyombo.

Akasema kesho atampigia dereva. Nikamwambia kesho usipopiga, napiga mimi. Akauliza kama nitaandika. Nikasema pasipo ajali hakuna stori. Ni kweli, na ndivyo nilivyosema, kwa sauti hiyohiyo.

Ijumaa, 17 Mei

Hakupiga.

Saa nne nimempigia mwalimu mkuu. Nimeomba basi lifunguliwe breki kabla ya safari ya kesho. Akakohoa kikohozi chake — Kasuku anampatia — akasema nisiwe na wasiwasi, mama, limetoka kufungwa breki mpya hivi karibuni. Na aliyezifunga ni mzazi wa hapahapa, hawezi kufanya mchezo na mwanawe humo.

Nikasema ndizo hizo hizo ninazozungumzia.

Akauliza nani amesema zina kasoro. Nikatazama nilichonacho: pedi ya gari lingine, na mlio ulioigwa na mtoto juu ya kiti. Mhariri wangu angenirudishia stori hiyo akiwa bado anatafuna. Nilisema kuna sauti. Akasema mpya hulia. Wote wanasema hivyo. Basi lenyewe halipo, dereva amelipeleka nje ya mji na walimu, simu yake haipatikani, litarudi usiku. Kuondoka ni kesho saa moja.

Nikaenda kwa shemeji. Nimemkuta uani anapaka rangi viatu vya Kasuku. Aliongea kabla sijasalimu.

"Nikisema, nani atanikabidhi gari tena? Hata baiskeli nitapewa?"

"Hapana," nilisema. Sikuona faida ya kumdanganya. Kazi ya shule ndiyo pekee iliyobaki inayomtoa kitandani. Na akisema, itabidi aseme kwa nini, na hiyo sababu yake iko juu ya tairi lenye mto wa dada.

"Kasuku haendi," akasema. "Nitasema anaumwa."

"Na wale wengine?"

Aliendelea kupiga brashi kiatu kilichokwisha kung'aa.

Nimerudi nyumbani. Nimejaribu kuandika aya ya kwanza ya kesho, kama mazoezi, jinsi itakavyosomeka ajali ikitokea. Ilitoka vizuri. Safi, fupi. Nimeichana.

Jumamosi, 18 Mei

Naandika hapa hapa, kwenye lango la shule, nikiwa nimekalia tairi la akiba la basi. Nikiacha mpaka jioni nitaipanga.

Saa kumi na mbili na nusu niliegesha gari la dada kukatiza lango. Nikazima, nikavuta breki ya mkono, nikatia ufunguo mfukoni. Basi lilikuwa ndani, watoto wanapanda, kofia nyeupe. Wazazi walikuwa wamesimama na vikapu.

Dereva wa basi akapiga honi. Kisha akateremka. "Mama, umeegesha au umejifungulia hapo?" Wazazi wakacheka. Nikamwambia nimeegesha. "Basi toa!" Nikamwambia nitatoa breki zikishafunguliwa. Akawageukia watu: mnamwona? Wa gazeti huyu. Amekosa habari, anakuja kuitengeneza. Mama mmoja alisema nina msiba, tunivumilie. Hilo lilikuwa baya kuliko la dereva, lakini nilisimama palepale.

Mwalimu mkuu akaja na kikohozi. Nikamwambia yaleyale ya jana. Akaniambia yaleyale ya jana. Akatuma mlinzi alete watu wa kulisukuma gari.

Wakati huo shemeji akatokea kwenye kona.

Kwa miguu, jeki begani, ovaroli safi. Nyuma yake Kasuku, ana kofia nyeupe, amekumbatia boksi la brekipedi kama mdoli. Watu wakampisha. Dereva alifurahi: "Huyu hapa mwenyewe! Fundi, hebu mwambie shemeji yako."

Akateremsha jeki. Akasema, si kwa sauti kubwa, na ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie:

"Breki hizi nilizifunga mimi. Za gari la marehemu mke wangu nilizifunga vibaya. Hizi sijui. Teremsheni watoto nizifungue."

"Si uliniambia ziko sawa?" dereva akasema.

"Nilikwambia."

"Na hiyo sauti, si uliniambia mpya hulia?"

"Nilikwambia."

Dereva akaitazama jeki. Akaingia kwenye basi, akazima redio. Watoto wakateremka mmoja mmoja. Baba mmoja akamshika mwanawe mkono, wakaondoka bila kuaga. Wengine wamebaki, sasa wamesimama nusu duara, kama kwenye ajali, isipokuwa hakuna ajali.

Alianza na upande wa mlango. Kabla ya kulala chini ya basi alinionyesha tairi la akiba kwa kidevu. Nikakaa. Sikuuliza kwa nini pale.

Gurudumu likatoka. Akaingiza mkono nyuma ya diski, akapapasa, akasita hivyo. Uso wake nilikuwa siuoni. Kisha akachomoa pedi ya ndani, akaiweka chini kwenye zege mbele ya watu wote, mgongo juu. Ulikuwa unang'aa. Hata asiyejua breki aliona kuwa kile kilichong'aa hakikupaswa kung'aa.

Mwalimu mkuu ametazama pedi, ametazama bonde, ametazama kofia nyeupe. Amekwenda kando na simu yake. Anapiga, hajasema anampigia nani. Shemeji amemwona. Amejifuta jasho kwa bega, akaendelea. Diski imekwaruzwa juu juu, amesema, kwangu au kwa diski. Upande wa pili bado.

Boksi limefunguliwa. Nimetandaza gunia. Nimezipanga: chuma chini, uso juu.

Amelala ubavu. Kichwa kimeingia chini ya bodi. Watoto, wale wakubwa, wanaiga kriii kando ya ukuta na mwalimu anawanyamazisha. Kasuku hayupo nao. Yuko nyuma yangu, nahisi pumzi yake shingoni, anasoma ninachoandika au hasomi.

Mkono umekuja nyuma. Kiganja wazi.

Safari hii sijauliza nini. Nimeiokota kama ilivyolala. Kabla sijaiweka, Kasuku, nyuma yangu, bila kucheka:

"Shika, bwana."

Si sauti ya mtoto. Haijakosewa popote, hata ule uchovu mdogo wa mwishoni upo.

Shemeji hajageuka. Mkono wake uko palepale hewani, vidole vimeanza kujikunja. Mimi naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una pedi—